Staringi Akifa, Nani Anaimba? Satya, Omkara na Gangs of Wasseypur kwa Anayetaka Kuanza

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulikuwa na sheria moja isiyohitaji kuandikwa ukutani: staringi hafi. Atapigwa risasi tatu, atatumbukia mtoni, atalala hospitali nyimbo mbili nzima, lakini dakika ya mwisho ataibuka na kumkumbatia mama yake, na adui ataipata. Ndiyo maana filamu hizi tatu zilituchanganya. Katika Satya (1998) anakufa staringi na anakufa rafiki yake kipenzi. Katika Omkara (2006) anayeua na anayeuawa wanalala chumba kimoja. Katika Gangs of Wasseypur (2012) staringi anakufa sehemu ya kwanza ikiisha, na mwanawe aliyerithi ustaringi anakufa ya pili ikiisha. Kama ulikuwa hujazitazama na hukutaka kujua, uniwie radhi, maji yameshamwagika.

Picha la Kihindi la kawaida halina shida na nyimbo. Watu wanapendana, mara wako Uswisi kwenye theluji, binti kavaa sari nyepesi wala hatetemeki, dakika tano baadaye wamerudi nyumbani na hakuna anayeuliza. Lakini filamu ya majambazi, vumbi na damu, iliyopigwa kwenye vichochoro halisi, inaanzaje kuimba bila kuchekesha? Hapo ndipo watunzi wa muziki wa filamu hizi walipoachana njia, na hapo ndipo utakapochagua. Maana kila ninapozisifia nyimbo hizi naulizwa swali lilelile: nianze na ipi?

Jibu langu fupi nalitoa mapema kwa mwenye haraka. Ukitaka albamu ya kusikiliza bila kuona filamu, chukua Omkara. Ukiwa tayari kukaa zaidi ya saa tano mbele ya kioo, chukua Wasseypur, kwa sababu hakuna nyingine inayofanana nayo. Satya ichukue kwa ajili ya nyimbo mbili na muziki wa chini chini. Sababu ndizo hizi.

Satya: mikono miwili, filamu mbili

Satya iliongozwa na Ram Gopal Varma, na muziki wake una wenyewe wawili. Nyimbo alitunga Vishal Bhardwaj, mashairi yakawa ya Gulzar. Muziki wa nyuma ya matukio, ule unaosikika watu wanapofukuzana au wanapokaa kimya wakisubiri kuua, alitengeneza Sandeep Chowta. Mara nyingi msikilizaji hajali nani kafanya nini, lakini hapa inabidi ujali, kwa sababu mabwana hawa ni kama walikuwa wanatengeneza filamu mbili tofauti.

Ya Vishal ina mapenzi na mvua. Vidya, binti anayependwa na Satya, staringi mwenyewe, anatafuta kazi ya uimbaji wa filamu, kwa hiyo nyimbo zimepata kisingizio cha kuwepo. Geela Geela Pani inaimbwa na Lata Mangeshkar, malkia wa nyimbo za filamu za Kihindi, ambaye mwaka ule alikuwa anakaribia miaka 70, na sauti yake inamkalia juu binti wa chumba cha kupanga mjini Mumbai kama vazi la harusi kwenye foleni ya maji. Ni wimbo mzuri. Sijui tu unafanya nini mle.

Shangazi yangu, mtu wa Tanga aliyezijua sinema za mji ule enzi zake, alinikuta nausikiliza kibarazani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa. Baada ya mstari mmoja tu akasema, "Huyu si Lata huyu?" Nikamwambia ndiye, na nikamweleza filamu inahusu nini. Akanitazama kama nimemwibia mtu. "Sasa Lata wamempeleka kwa majambazi kufanya nini, mwanangu?" Nimesoma uchambuzi mwingi wa Satya tangu hapo, na swali la shangazi bado ndilo ninalolirudia.

Nyimbo mbili zinaponyoka. Sapne Mein Milti Hai, waliyoimba Asha Bhosle na Suresh Wadkar, ni ya shereheni, na watu wanaocheza wanacheza kweli, kwa matumbo yao na jasho lao, si kwa hatua za kufundishwa. Ya pili ni Goli Maar Bheje Mein, iliyoimbwa na Mano, ambayo watu wanaiita tu Kallu Mama. Msikilizaji wa Kiswahili ataduwaa kidogo kusikia majitu yenye ndevu yakimwimbia "mama". Kwa Kihindi mama ni mjomba, na mjomba mwenyewe ni Saurabh Shukla, mmoja wa waandishi wawili wa filamu hiyo; mwenzake ni Anurag Kashyap, mkumbuke, tutakutana naye tena. Wimbo unasema piga risasi ubongo, maana ubongo una kelele, ukiusikiliza utakufa. Walevi wanaimba chumbani, wanapokezana, wanacheka. Ni wimbo wa kilabu cha pombe, na ndani yake mna falsafa yote ya kazi yao: usifikiri. Hapa Gulzar hakuandika shairi la jambazi, aliandika ulevi wa jambazi, na ndiyo maana umedumu.

Kisha iko kazi ya Chowta, na kwangu hiyo ndiyo Satya yenyewe. Ngoma nzito, kinanda cha kielektroniki kinachonguruma chini kama jenereta ya jirani, halafu kimya cha ghafla. Ilimpa tuzo ya muziki wa nyuma ya Filmfare, zile tuzo kubwa za filamu za Kihindi. Nyimbo za Vishal ungeweza kuzihamishia kwenye filamu nyingine, ukiacha zile mbili, na asingegundua mtu. Muziki wa Chowta ukiutoa, filamu inabaki watu wanaotembea.

Omkara: mtu mmoja, ini moja

Miaka minane baadaye Vishal Bhardwaj na Gulzar wako pamoja tena, na safari hii hakuna mikono miwili. Vishal ndiye mwongozaji, ndiye mtunzi wa muziki, na mahali pamoja ndiye mwimbaji. Hadithi ni ya Othello wa Shakespeare, mume anayetiwa wivu hadi kumuua mkewe, imehamishiwa magharibi ya jimbo la Uttar Pradesh, pande za Meerut, kwenye siasa za wababe wa vijijini. Vishal alikulia huko huko. Unapoisikia lugha ya nyimbo, si Kihindi cha studio, ni cha watu wa kwao.

Nianze na ule unaojulikana kuliko yote, Beedi. Sukhwinder Singh na Sunidhi Chauhan ndio wanaoubeba, na Sunidhi alipata Filmfare kwa kuuimba. Kwenye harusi za Wahindi bado unapigwa bila aibu. Mwanamke anamwambia mpenzi wake awashe bidi, ile sigara nyembamba iliyosokotwa kwa jani, kwa moto wa jigar yake. Jigar ni ini. Wafasiri wengi wanaandika "moyo" na wanaharibu kila kitu. Sisi wa mwambao hatuhitaji msaada hapo: washairi wetu tangu zamani wamelia kwa maini yaliyokatika, na muhibu akaitwa wa ini kabla hajahamishiwa moyoni. Gulzar, mzee aliyezaliwa 1934, anaandika wimbo wa kuchezea viuno, na bado anauanzia kwenye ini.

Endelea kusikiliza utakuta na lihaaf, lile lile lihafu letu la kujifunikia. Mwanamke analalamika hana, na hata upepo uko kinyume naye. Mswahili asiyejua Kihindi hata neno hukwama kwenye nyimbo za Gulzar mara chache kuliko anavyodhani, kwa kuwa Kiarabu na Kiajemi viliacha mizigo bandari zote mbili. Duniya ni dunia, khabar ni habari, waqt ni wakati. Tega sikio tu.

Beedi unachezwa kwenye tafrija ambamo mtu mmoja ananyweshwa makusudi ili agombane, na ugomvi huo ndio unaofungua mlango wa maafa. Kwa hiyo wimbo huu haukuwekwa ili watazamaji wapumzike, ni mtego. Hapo ndipo Omkara inapoiacha Satya mbali: kila wimbo una kazi, na ukiuondoa hadithi inatoboka.

Naina wa Rahat Fateh Ali Khan unaonya kuwa macho ni matapeli, usiyaamini, usiyasikilize, yatakulaghai. Katika hadithi ya mwanamume anayeaminishwa kuwa mpenzi wake anamsaliti, kwa kuonyeshwa tu pambo la mpenzi huyo, hakuna cha kuongeza. Jag Ja, kwa sauti ya Suresh Wadkar, yule yule aliyetuchezesha kwenye Satya, ni wimbo wa kumwamsha mpenzi kwa upole. Filamu ikifika mwisho, anayeamshwa haamki tena. Mtu aliyesikia albamu tu anadhani ni wimbo wa asubuhi. Aliyeona filamu hawezi tena kuuweka asubuhi. Linganisha sauti hiyo hiyo katika albamu hizi mbili, za mtunzi mmoja na mshairi mmoja, na utaona umbali ambao Vishal alitembea kwa miaka minane.

Ninaoutetea kuliko yote, hata hivyo, ni ule ambao hauchezwi harusini. Laakad, anaimba Rekha Bhardwaj, mke wa Vishal, mwenye sauti nzito iliyotulia kama mtu anayeongea akiwa amekupa mgongo. Maneno yake: kuni ikiungua inakuwa makaa, makaa yakiungua yanakuwa jivu, moyo ukiungua haupatikani moshi wala jivu. Basi. Nimesikiliza taarabu tangu nina akili, nimesikia mafumbo ya kuungua ya kila namna, na huu naweza kuuweka mstari mmoja na yale bora.

Rekha ndiye pia aliyeimba Namak, wimbo wa chumvi, wa mwanamke anayejua bei yake. Sauti moja, ulimwengu mbili. O Saathi Re, ambao Vishal anaimba na Shreya Ghoshal, ndio pekee unaoweza kuuruka. Ni wimbo wa wapenzi chumbani, mtamu, unapita.

Gangs of Wasseypur: mama mmoja na kinasa sauti

Sasa yule Anurag Kashyap. Mwandishi wa Satya alipata kuwa mwongozaji, na mwaka 2012 akaja na hadithi ya koo zinazolipizana kisasi kwa vizazi vitatu kwenye mji wa makaa ya mawe, Dhanbad, ambako Wasseypur ni mtaa. Ilipigwa kama filamu moja ya zaidi ya saa tano. Ilionyeshwa Cannes mwezi Mei, kisha ikagawanywa vipande viwili, kimoja Juni, cha pili Agosti. Muziki akampa Sneha Khanwalkar, mwanamke katika kazi ambayo wanawake wake wa Mumbai unawahesabu kwa vidole.

Sneha hakukaa Mumbai akiagiza waimbaji waliosajiliwa. Alikwenda kuwatafuta jimbo la Bihar, ambamo Dhanbad nayo ilikuwa zamani. Aliwarekodi akina mama wa nyimbo za harusini, vikundi vya mitaani vya Gaya, watu wa kijijini wa tabaka la Musahar, ambao ni wa chini kabisa katika ngazi za huko. Wimbo mmoja wa sehemu ya pili, Chhi Chha Ledar, aliuimba msichana mdogo aliyekuwa akiwaimbia abiria kwenye treni. Unasikia pumzi, unasikia sauti iliyopasuka ikaachwa hivyo hivyo. Fundi wa studio angesema rudia. Sneha hakurudia.

Kisha akavuka bahari hadi Trinidad. Ukiusikia Hunter utadhani umekosea albamu: ngoma za Karibiani, Kiingereza cha visiwani, mwanamume anajisifu ni mwindaji na kuna mwanamke anataka kuiona bunduki yake, na bunduki si bunduki. Wimbo wa Trinidad unafanya nini Dhanbad? Jibu liko kwenye meli. Kuanzia 1845 Waingereza walipeleka vibarua wa mkataba kutoka Bihar na jirani zake kwenda kukata miwa Trinidad, na wale wakaenda na lugha yao ya Kibhojpuri na ngoma zao, zikachanganyika na za huko zikazaa muziki uitwao chatni, kama ile achari ya kusaga. Sneha alikwenda kuwafuata wajukuu na kuwarudisha nyumbani kwa babu. Kwetu safari ilikuwa nyingine: waliojenga reli ya Uganda kuanzia 1896, zaidi ya 30,000, wengi walitoka Punjab, na wafanyabiashara wa Mombasa na Unguja walitoka Kutch na Gujarat. Ndiyo maana Mswahili anaijua kachori lakini chatni ya kucheza haijui. Tulipata mapishi tofauti.

Mashairi mengi ni ya Varun Grover, na mengine ya Piyush Mishra, ambaye ndani ya filamu ni Nasir, msimulizi. Grover ana mchezo mmoja ambao Mswahili ataupenda upesi. Katika Moora anachukua maneno ya Kiingereza na kuyavika mikia ya Kibihari: frustiyao nahi, usijifrastreti, nervasao nahi, usiwe na wasiwasi. Ni kile tunachofanya sisi tunapomwambia mtu usipaniki. Lugha ya mji mdogo imelimeza neno la mkubwa ikalicheulia kwa umbo lake, na mtu anafarijiwa kwa lugha hiyo hiyo ya kuchekesha. Unacheka na unaona huruma.

O Womaniya ndio uliompata shangazi. Umeimbwa na Khushboo Raj na Rekha Jha, ni wimbo wa akina mama wakimtania bibi harusi. Shangazi hajui Kibhojpuri, na mimi nilikuwa na tafsiri mkononi. Kabla sijaisoma akasema, "Hao wanamfunda mwari." Aliwahi kuwa somo, anajua. Nikamsomea: bwana akitaka rupia, mpe robo, akirukia, uwe paa. Shangazi akapiga makofi. "Na sisi tulisema hivyo hivyo, robo kwanza." Nimesikia wataalamu wakieleza wimbo huo kwa maneno makubwa ya mila na jinsia. Aliyewahi kukaa ukumbini wanawake wakigonga pembe za vugo, mlango umefungwa na wanaume wamefukuzwa, ameshaelewa.

Jirani yake ni Taar Bijli, wa Sharda Sinha, malkia wa nyimbo za asili za Bihar, aliyefariki Novemba 2024. Mke anaimba kwamba mumewe amekonda kuliko waya wa umeme, amekauka kama tende kavu, na anamgeukia mkwewe: ewe mama mkwe, hebu sema, umemfanya nini huyu? Sauti ya mama huyo imezoeleka kwenye Chhath, ibada za kuabudu jua huko Bihar, na hapa inaimba kejeli bila kubadilika hata kidogo. Uzito wake ndio unaochekesha. Pia yumo Usha Uthup katika Manmauji, na Wakenya wenye umri wanamjua: aliwahi kuimba Nairobi, na Malaika akaiimba kwa Kiswahili.

Lakini swali letu lilikuwa staringi akifa, nani anaimba. Sardar Khan, anayechezwa na Manoj Bajpayee (huyo huyo aliyekuwa Bhiku Mhatre katika Satya, naye akafa mle pia), anamiminiwa risasi, anatoka akiyumba, na hapo linaanza tarumbeta la shangwe na Manoj Tiwari, nyota wa filamu za Kibhojpuri, anaimba Jiya Tu: ishi, ewe kipenzi cha Bihar, ishi miaka elfu. Mtu anakufa na wimbo unampigia vigelegele aishi. Nilipoona mara ya kwanza nilicheka, kisha nikanyamaza. Satya ingemwekea ngoma za Chowta, Omkara ingemwekea bembelezo. Wasseypur inampigia bendi ya harusi, kwa kuwa mtaa wake haujui namna nyingine ya kumuaga mtu mkubwa.

Kasoro zipo. Sehemu mbili kwa pamoja zina nyimbo zaidi ya 20, na si zote zinastahili. Nyingine ni vipande alivyovinasa njiani akashindwa kuvitupa, na namwelewa, lakini kumwelewa si lazima nivisikilize. Electric Piya ukishacheka mara moja yatosha. Na ukiisikiliza albamu bila filamu, baada ya nusu saa masikio yanachoka kwa makelele, kama mtu aliyekaa kituo cha basi.

Zikiwekwa mkekani pamoja

Mbele ya wakwe usithubutu Wasseypur. Keh Ke Lunga peke yake, kwa jinsi kibwagizo chake kinavyomaanisha mambo mawili na lile la pili ndilo linalokusudiwa, itakupa shida kama yupo hata mgeni mmoja anayejua Kihindi. Omkara ina Beedi na Namak, lakini zimefunikwa kiungwana. Mkwe atatikisa kichwa. Satya ni salama, ukiacha mzee atakayeuliza kwa nini wanamwimbia mama risasi.

Kwa anayetoka kwenye taarabu, sioni ubishi: Omkara. Mombasa ilikwishamzoesha. Juma Bhalo na wenzake walizichukua tuni za filamu za Kihindi wakazitia Kiswahili na hamoniamu, na zikawa zetu. Sikio lililolelewa hivyo litaingia Naina na Laakad bila kubisha hodi. Anayetoka kwenye singeli, kwa upande mwingine, Omkara itamlaza. Yeye mpe Wasseypur, aanze na Bhoos na Hunter, atajikuta nyumbani kwenye vurugu ile.

Kuna kundi jingine: waliozoea filamu zilizotafsiriwa, ambamo mtafsiri anazungumza juu ya kila kitu. Raha ninaijua, nimecheka humo sana. Ila Satya iliyotafsiriwa hivyo imepoteza karibu kila kitu, maana kazi ya Chowta iko hasa pale watu wanaponyamaza, na mtafsiri hanyamazi. Itafute ya sauti yake, hata kama huelewi neno. Wasseypur inavumilia zaidi, ina kelele za kutosha kushindana na mtu yeyote.

Vifaa navyo vinahesabika. Kwa spika ya simu, Wasseypur haipotezi sana. Nyimbo zake nyingi zilinaswa sehemu zisizo na anasa na zinafaa kusikika hivyo. Muziki wa chini wa Satya bila hedifoni au spika yenye besi ni sawa na kutazama bahari kwenye picha ya kitambulisho. Omkara inakaa katikati, ingawa Laakad inastahili hedifoni na mlango uliofungwa.

Kuna mtu hapo atauliza mbona Black Friday haimo. Ni ya Kashyap pia, juu ya mabomu ya Bombay ya 1993. Kesi iliizuia hadi 2007, na muziki wake ni wa bendi ya Indian Ocean ya Delhi. Bandeh ni wimbo mkubwa, gitaa na besi na sauti iliyochoka na binadamu. Nimeiacha kwa sababu ni ya aina nyingine: bendi ilikuja na sauti yake kamili, na filamu ikaikaribisha. Kama wewe ni mtu wa bendi, anzia hapo, sahau tuliyoyasema.

Nikibanwa niseme ipi itasikilizwa baada ya miaka 50, nitasita kati ya mbili. Omkara ina mashairi ambayo hayategemei kioo. Wasseypur ina kitu ambacho huenda kikawa na thamani zaidi: sauti za watu ambao hakuna mwingine aliyewasogezea kinasa sauti. Ik Bagal, wa Piyush Mishra, unasema upande mmoja kutakuwa na mwezi, upande mwingine mikate. Upande mmoja usingizi, upande mwingine bembelezo. Huo ungeweza kutoka filamu yoyote kati ya tatu, na ndio pekee ambao nimewapigia watu wote, wa taarabu, wa singeli na wa bendi, asiniambie hata mmoja nizime.

Utaratibu wangu, kwa anayetaka kufuata: usiku wa kwanza Omkara yote, isipokuwa O Saathi Re kama una usingizi. Usiku wa pili Satya, filamu yenyewe, sauti juu. Mwisho wa juma Wasseypur, sehemu zote mbili, na uwe na chakula. O Womaniya uirudie peke yake baadaye, ukiwa na mtu mzima wa kike karibu. Shangazi sasa anaiomba kwa jina lake mwenyewe alilolipa. Anasema, "Niwekee ile ya robo rupia."